Boti iko nchi kavu, sasa maji ya ngama yanatoka wapi?

Nikiwaambia watu wa nyumbani Lamu kwamba winta nzima huku Maine, Marekani, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutoa maji kwenye ngama, yaani ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo maji yanapojikusanya, za boti ambazo ziko nchi kavu, wanacheka. Binamu yangu aliniuliza kama kazi hiyo nalipwa ama natoa sadaka. Siwalaumu, manake kwetu chombo kikishapandishwa pwani maji yaliyobaki ndani unayakumba siku hiyo hiyo, upo wa kukumbia unautupa pembeni, unaanza kukwangua na kupaka deheni, yale mafuta ya kuzuia maji, na habari ya maji mtaonana tena chombo kikishuka.

Huku mambo yamegeuka. Boti za tanga nyingi za hapa Casco Bay ni za faibaglasi, na zikiwa majini wakati wa joto zinaingiza maji kidogo sana, labda pale shafti ya propela inapotokea nje, zile za zamani zimefungwa kwa kamba ya nta na ni kawaida kudondosha matone machache shafti ikizunguka, pampu inayatoa yenyewe mwenye boti hata hajui. Sasa mwezi wa kumi inapandishwa na ile kreni ya mikanda, mkuku, ule uti wa chini wa boti, unakalishwa kwenye magogo, stendi za chuma zinashika ubavuni, waya wa umeme unachomolewa, mwenyewe anaenda zake mpaka mwezi wa tano. Hapo katikati kuna mvua, kuna theluji, theluji inayeyuka inaganda tena, kuna zile dhoruba za kaskazini mashariki ambazo mvua yake hainyeshi bali inakupiga ubavuni, na ndani ya boti hakuna mtu wala pampu. Mwezi wa tatu ukiinua mbao za sakafu unakuta maji ama barafu, na kila mwenye boti swali lake la kwanza ni tundu liko wapi huko chini. Chini hakuna tundu jamani. Boti ikiwa kwenye stendi maji yote yanayoingia yanatoka juu. Kwa mtu aliyelelewa Lamu kichwa lazima kigeuzwe, sisi chombo kikileta maji tunaangalia maungio ya mbao na kalafati, ile pamba inayozibia maungio, huku unaanza kwa kuangalia angani.

Jamaa ninayefanya naye kazi ni mtu wa Uvira, Kongo, kakulia pale ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mitumbwi anaijua kuliko mimi. Winta yake ya kwanza hapa tumefungua boti moja ya futi thelathini na kitu, ya miaka ya 70, ngama imejaa mpaka mbao za sakafu zinaelea. Akaniangalia. "Ndugu yangu, hii boti haiko mu ziwa, sasa mayi inatoka wapi?" Nikamwonyesha mlingoti. Akafikiri namtania.

Lakini ndo huo. Milingoti iko ya aina mbili, kuna unaosimama juu ya sitaha, huo hauna makuu, halafu kuna unaopenya sitaha kwa tundu lake ukateremka katikati ya chumba mpaka kukalia juu ya mkuku. Huu wa pili ndo unaojaza ngama. Watu wengi wanafikiri maji yanapita pembeni yake, pale unapopenya sitaha, kwa hiyo kila mwaka wanazungushia mpira, silikoni, tepu, tepu nyingine juu ya tepu. Fine, inasaidia, lakini hayo ni maji ya nje tu. Mlingoti wa aluminiamu ndani ni bomba tupu, kule juu kileleni kuna kapi, yale magurudumu ya kupitishia henza, yaani kamba za kupandishia tanga, kila henza inapoingia na kutoka kuna upenyo, nyaya za taa na za redio nazo zina matundu yake, na mvua ya upepo inaingia kwa hizo nafasi zote inateremka kwa ndani kwa ndani hadi ngamani bila wewe kuona tone hata moja likipita. Unaweza kuziba sitaha nzima, ukabandika tepu mpaka ikaisha dukani, na bado dhoruba moja ikakuachia ndoo ya maji chini.

Dawa ya kweli ni kuung'oa mlingoti na kuulaza kwenye viegemeo. Kreni inalipiwa, na kuna kufungua nyaya na kamba zote halafu kufunga upya mwezi wa tano, ndo manake wengi wanauacha umesimama, sibishani na mfuko wa mtu. Ila ukiuacha umesimama hesabu kwamba maji yataingia, usipange kana kwamba hayataingia, na ujue yatatokea wapi. Cha kwanza kabisa angalia chini mlingoti unapokalia, lazima pawe na kitundu cha kutolea maji na kiwe wazi. Kile kitundu kinapenda kuziba kwa ule unga mweupe wa aluminiamu inayoliwa na chumvi, pamoja na takataka za miaka. Kikiziba, maji yanasimama ndani ya mlingoti wenyewe, na usiku yakiganda hakuna chuma kitakachoyazuia. Nimeshaona mlingoti umechanika kwa urefu pale chini, ufa unaingiza ukucha, na mlingoti mpya bei yake inaweza kuzidi bei ya boti yote.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu wasomaji wa pwani barafu tunaijua ya friji na ya samaki. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9 hivi. Kwenye glasi si kitu. Kwenye ngama ya boti ya tanga, ambayo sehemu ya chini kabisa ni shimo jembamba lenye kina lililo ndani ya shingo ya mkuku, ile asilimia 9 inasukuma pande zote na haina pa kwenda. Usiku wa mwezi wa kwanza hapa kushuka chini ya -10 ni kawaida, na maji ya mvua yanaanza kuganda kwenye 0 wakati maji ya bahari yanangoja mpaka karibu -2, kwa hiyo maji matamu ndo adui mkubwa zaidi, na ndo hayo hayo yanayoingia winta. Kama mkuku umefungwa kwa bolti, maji yanapenya kwenye ule mstari wa kati ya mkuku na bodi, yanaganda, yanafungua nafasi kidogo, yanayeyuka, yanaingia zaidi, yanaganda tena. Bolti nazo hata zikiwa za stenlesi zikikaa kwenye maji yaliyolala yasiyo na hewa zinaliwa taratibu pale pasipoonekana, juu nati inang'aa, chini imekonda. Na zile boti ambazo uzito wa mkuku ni madini ya risasi yaliyofunikwa ndani ya faibaglasi, maji yakishapata njia ya kuingia humo katikati kuyatoa ni shughuli pevu, na yakiganda yanapasua ile ganda kutoka ndani.

Baada ya mlingoti kinachofuata ni kokpiti, lile shimo la wazi nyuma anapokaa mshika usukani, na hapa adui ni majani ya miti. Sicheki. Yadi zetu nyingi zimezungukwa na mialoni na miti mingine inayopukutika mwezi wa kumi na kumi na moja, yaani wakati ule ule boti zimeshapanda. Kokpiti ina vitundu viwili vya kutolea maji, majani matatu yaliyolowa yanatosha kuziba vyote. Halafu theluji inajaza kokpiti, siku ya joto inayeyuka, maji yanapanda mpaka usawa wa vifuniko vya makabati ya pembeni, na vile vifuniko havikutengenezwa kuzuia maji yaliyosimama, vilitengenezwa kuzuia wimbi linalopita, kwa hiyo maji yanaingia kabatini, kabatini yanaenda chini ya injini, chini ya injini yanaenda ngamani. Kokpiti ndogo tu inabeba mamia ya lita. Boti zilizojaa maji mpaka injini ikazama, ukifuatilia mara nyingi ni majani.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu hawalifikirii mpaka kreni imeshaondoka: boti imekaaje kwenye stendi. Boti nyingi zinataka omo, yaani mbele, iwe juu kidogo ili maji ya kokpiti yakimbilie tezi, nyuma, kwenye vitundu vyake. Ikikalishwa omo chini, maji yanasimama upande usio na tundu, na ndani vilevile maji yanajikusanya mbele ambako hakuna pampu wala shimo. Muombe mwenye kreni kabla hajashusha, weka gogo moja zaidi mbele, inachukua dakika. Na usithubutu kusogeza stendi mwenyewe baadaye, nimesema usithubutu, zile stendi zinashikana kwa minyororo chini ya boti kwa sababu maalumu na tani tano zikianguka hazikuulizi.

Kifuniko nacho. Huku wengi wanafunika kwa ile plastiki nyeupe inayokazwa kwa moto mpaka inakuwa ngoma, wengine wana turubai la kushona lenye fremu ya mabomba. Mimi nalipenda turubai kwa sababu linapumua, lakini plastiki ikifanywa vizuri iko sawa, kufanywa vizuri ni kwamba ina mteremko mkali theluji iporomoke yenyewe na ina vitundu vya hewa pande zote. Bila hivyo vitundu jua la mchana linapasha ndani, unyevu unapanda, usiku unagusa plastiki baridi unageuka matone, na matone yanadondoka kwenye sitaha na kwenye chumba, yaani umezuia mvua ya nje ukatengeneza ya kwako. Na kama mlingoti umesimama, pale plastiki inapouzunguka ndo pa kukaza macho, sijawahi kuona pakashika winta nzima.

Halafu kuna maji ambayo hayajatoka nje kabisa, yalikuwemo. Boksi la barafu kwenye boti za zamani linamwagia ngamani. Sehemu ya mnyororo wa nanga kule omo, kwenye boti kadhaa nayo inatiririkia ngamani, na mnyororo umebeba matope na maji. Tangi la maji ya kunywa ambalo mwenyewe aliapa ni tupu. Na kila taruma, yaani ubavu wa boti, na boriti iliyo chini ya sakafu ina kitundu cha kupitishia maji, vile vitundu vikiziba kwa nywele, rangi, vipande vya waya, maji yanabaki vidimbwi vidimbwi nyuma ya kila boriti wakati shimo la pampu liko kavu kabisa na mwenye boti anaondoka anajisifu. Mimi huwa namwaga ndoo ya maji safi omo kabisa mwanzoni mwa msimu, naenda kuyasubiri nyuma. Yakichelewa nachukua waya nazibua. Ndo kwanza baada ya hapo nakausha, pampu ya mkono mpaka inavuta hewa, halafu sponji, halafu kitambaa. Sponji ndo kazi yenyewe, pampu zote zinaacha kidole cha maji chini.

Sasa mtu ataniuliza, pampu ya otomatiki si ipo, kwa nini isifanye kazi winta? Kwa sababu inahitaji betri na betri haichajiwi, paneli ya sola iko chini ya theluji au chini ya plastiki. Pampu ikitoa maji ya mwezi mmoja betri imekwisha, na betri ya asidi ikiisha inaganda mapema sana tofauti na iliyojaa, ikipasuka una shida mpya. Na hata betri ikiwa nzima, maji yakishaganda ile swichi ya kuelea imenaswa, labda imenaswa ikiwa juu, pampu inajaribu kuzunguka ndani ya barafu mpaka fyuzi inakatika au inaungua. Mpira wa pampu nao unapinda chini mahali fulani na pale pinda panashika maji, panapasuka, utajua mwezi wa sita ukiwa majini. Mimi naizima, nafungua mpira, namwaga yote.

Njia inayoaminika ni kizibo, yaani tundu dogo sehemu ya chini kabisa ya ngama lenye kizibo cha shaba, boti ikipanda unafungua na maji yote ya winta yanapita tu yanaenda ardhini. Boti ndogo nyingi za injini zinakuja nacho, boti za tanga mara nyingi hazina na lazima utoboe. Hapa ndo wenye boti wanagombana, wengine wanakuambia hawatoboi chombo chao chini ya maji hata uwape nini. Naelewa, lakini mkono wangu uko kwa wanaotoboa, kwa masharti: ujue kwa hakika unatoboa shimo la ngama na sio kwenye sehemu yenye risasi, kingo za tundu zizibwe kwa epoksi kabla ya kufunga shaba, na kizibo kikitolewa kifungwe kwenye ufunguo wa injini au kwenye usukani kabisa, mtu asiweze kuwasha boti bila kukigusa. Kila mwaka kwenye yadi yoyote kuna boti inayoshushwa bila kizibo na kreni inairudisha juu mbio mbio huku watu wanapiga makelele. Na hilo tundu linahitaji kuangaliwa, jani moja au barafu ikiliziba umerudi pale pale.

Asiyetaka kutoboa anamwaga ile antifrizi ya pinki baada ya kukausha. Ya pinki, propilini glaikoli, sio ile ya kijani ya gari ambayo ni sumu na ikitoka inaua mbwa. Kwenye galoni imeandikwa -50, hizo ni za Fahrenheit, kama -46 zetu, na maana yake ni kwamba haitapasua bomba mpaka hapo, sio kwamba haigandi, inaanza kuwa nusu barafu mapema zaidi. Na muhimu kuliko yote, hiyo namba ni ya antifrizi tupu. Ukimwaga galoni moja ngamani halafu mlingoti ukaongeza galoni tatu za mvua, una maji ya pinki yanayoganda vizuri tu. Kwa hiyo antifrizi haikuondolei safari, lazima uje baada ya kila dhoruba kubwa, upime kwa macho, utoe, uongeze. Mteja mmoja mzee huwa ananipigia kila theluji ikiyeyuka, "kijana wangu, bibi yako huko anaendeleaje," anamaanisha boti, naenda na tochi na sponji.

Hewa kwa kifupi. Magodoro yote nyumbani, mbao za sakafu zimeinuliwa, kila kabati wazi, friji wazi. Valvu za chini boti ikiwa nchi kavu ziache wazi, manake valvu iliyofungwa inashika maji ndani ya mpira wake na inapasuka. Vile vikopo vya kloridi ya kalsiamu vinavyovuta unyevu vinafanya kazi, ila viweke kwenye sinki, vikijaa vikamwagika kile kimiminika kinakula chuma.

Haya yote ni ya faibaglasi. Boti ya mbao ni dini nyingine na huku Maine bado zipo nyingi, wanazipenda kweli. Hiyo ukiikausha kama nilivyosema umeiua, mbao zinajikunja, maungio yanafunguka, na siku ya kuishusha inakunywa maji kama haikuwahi kuwa chombo. Wanaojua wanaiweka kwenye banda lenye sakafu ya udongo, hewa ya chini ina unyevu wake, na wengine wanamwaga chumvi ya mawe ngamani, chumvi inavuta unyevu na inazuia kuoza, manake kinachoozesha mbao ni maji matamu. Hapo nilijiona niko nyumbani kabisa, sisi Matondoni, kile kijiji cha mafundi wa vyombo kule Lamu, chombo kikikaa juu kwa muda si tunakimwagia maji ya bahari mbao zisifunguke, hakuna anayemwaga ya kisima.

Na ndo maana nikikuta maji ngamani kitu cha kwanza natia kidole naonja. Yadi nzima wananiona kichaa. Ya chumvi, basi yamebaki tangu boti ilipokuwa majini, hukukausha. Matamu, ni mvua au tangi. Rangi ya kutu, kaangalie bolti za mkuku leo hii. Ya pinki usionje, hayo yanajieleza.

Kama unafikiria kununua boti ya tanga ya zamani pande hizi, usiende mwezi wa saba inapopendeza majini na mwenyewe ameshatandika mito. Nenda mwezi wa tatu mwishoni, omba ngazi, inua mbao za sakafu mwenyewe. Tazama alama za maji kwenye kuta za ngama, zinabaki kama mistari na huonyesha yamefika wapi miaka yote. Gonga usukani wake kwa chini pia, yaani lile bapa linalogeuza boti majini, mara nyingi limejaa maji ndani, na watu makini wanalitoboa kila mwaka kitundu kimoja yatoke kisha wanaziba. Yule jamaa wangu wa Uvira alinunua hivyo hivyo, boti ya futi 26, mlingoti umesimama, barafu ngamani, mwenye boti anaona aibu. Bei ilishuka zaidi ya nusu palepale kwenye ngazi. Kitu cha kwanza alichofanya kabla hata ya kubadilisha jina kwenye karatasi ni kuita kreni mlingoti ushuke, akaniambia, "Mi siwezi lala na hii bomba ya mvua mu nyumba yangu."